Kidonge cha "pril" na vinavyokutana nacho: namna ya kutumia dawa ya presha kwa usalama

Chukua boksi la dawa yako ya shinikizo la juu la damu, kisha usome jina la dawa yenyewe, lile ambalo mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la kibiashara. Likiwa linaishia na "pril", kama captopril, enalapril, lisinopril, ramipril au perindopril, basi maelezo haya yanakuhusu. Majina ya dawa nimeyaacha kama yanavyochapishwa kwenye maboksi, ili uweze kuyalinganisha na kile ulicho nacho mkononi.

Dawa hizi si ngeni. Captopril, iliyotangulia nyingine zote, iliidhinishwa Marekani mwaka 1981, na enalapril imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa watu wengi zinavumilika vizuri, zinaukinga moyo, na kwa mwenye kisukari ambaye mkojo wake umeanza kupitisha protini huzichelewesha figo zisiharibike. Madhara makubwa yapo, lakini ukiondoa moja, yaani uvimbe nitakaoueleza mbele, sehemu kubwa ya madhara hayo hutokea pale kidonge kinapokutana na kitu kingine ambacho mgonjwa hakuambiwa akiepuke: dawa ya maumivu iliyonunuliwa dukani, kuhara kwa siku mbili, mimba iliyoingia bila kupangwa, au figo ambazo hazikupimwa. Kwa sababu hiyo, kumeza kidonge kwa saa yake ni nusu tu ya kazi, na nusu ya pili ni kujua kinachokizunguka.

Inavyofanya kazi mwilini

Ukielewa sehemu hii hutahitaji kukariri makatazo, kwa kuwa karibu yote yanatokana nayo. Figo zikihisi kwamba damu inazifikia kwa msukumo mdogo, hutoa kitu kiitwacho renini. Renini huikata protini inayotengenezwa na ini, na matokeo yake ni anjiotensini ya kwanza, ambayo peke yake haina nguvu. Damu inapopita kwenye mapafu, kimeng'enya kinachojulikana kwa kifupi kama ACE huigeuza kuwa anjiotensini ya pili, na hiyo ndiyo yenye nguvu: huibana mishipa ya damu, na huziamuru tezi zilizo juu ya figo zitoe homoni inayoufanya mwili ubaki na chumvi na maji huku ukitupa potasiamu kwenye mkojo. Kidonge cha "pril" hukizuia kimeng'enya hicho. Mishipa hulegea, chumvi na maji ya ziada hutoka, na presha hushuka. Lakini potasiamu nayo hubaki mwilini zaidi ya ilivyokuwa.

Kimeng'enya hicho kina kazi ya pili, ambayo ni kuivunja dutu nyingine iitwayo bradikinini. Kikizuiwa, bradikinini hujikusanya, na humo ndimo kinamotoka kikohozi kikavu pamoja na ule uvimbe. Jambo la tatu linahusu figo zenyewe. Anjiotensini ya pili hubana mshipa mdogo unaoitoa damu kwenye vichujio vya figo, na kubana huko hulinda msukumo ndani ya vichujio wakati mwili umepungukiwa maji. Dawa inapoulegeza mshipa huo, vichujio hupumzika, jambo lenye faida kubwa kwa mgonjwa wa kisukari. Ila siku mwili unapokauka, figo zinakuwa zimeipoteza kinga yake.

(Dawa hizi zilianzia kwenye sumu ya nyoka wa Brazili aitwaye Bothrops jararaca, ambayo mtafiti Sérgio Ferreira aliichunguza katika miaka ya 1960 na kuona kwamba inaiongezea bradikinini nguvu. Kuanzia hapo ndipo wengine walipofika kwenye captopril.)

Kabla ya kidonge cha kwanza

Mweleze daktari au mhudumu wa afya kama umewahi kuvimba midomo, ulimi au uso kwa sababu yoyote, hata kama ilitokea miaka mingi iliyopita. Mweleze kama una mimba au unatarajia kupata, kama umewahi kuambiwa kwamba figo zako zina tatizo au kwamba mishipa inayopeleka damu kwenye figo ni myembamba, na umtajie kila dawa unayotumia, ikiwemo ile unayoinunua mwenyewe na mitishamba. Watu wengi huificha mitishamba kwa kuogopa kukemewa. Itaje hivyo hivyo, kwa sababu baadhi yake huathiri figo au presha, na daktari hawezi kukihesabu asichokijua.

Kisha uombe kipimo cha damu cha kreatinini na potasiamu. Kreatinini huonyesha namna figo zinavyochuja. Kipimo hurudiwa wiki moja hadi mbili baada ya kuanza dawa, hurudiwa tena kila dozi inapoongezwa, na baada ya hapo angalau mara moja kwa mwaka, au mara nyingi zaidi kwa mwenye ugonjwa wa figo. Kreatinini ikipanda kidogo mwanzoni usishtuke. Madaktari kwa kawaida huvumilia ongezeko lisilozidi asilimia 30 ya ulivyoanza, kwa kuwa ni dalili ya kule kulegea kwa mshipa nilikokueleza. Ikizidi hapo, sababu itafutwe. Ninasisitiza kipimo hiki kwa sababu ndicho kinachorukwa zaidi: mgonjwa huandikiwa dawa kwenye zahanati isiyo na maabara, presha inashuka, kila mtu anaridhika, na figo hazitazamwi hata mara moja. Kama unapotibiwa hakuna kipimo hicho, uliza ni hospitali gani ya karibu inayokifanya. Pale ambapo maabara iko mbali sana, ni halali kumuuliza mhudumu kama unaweza kuanza na dawa nyingine, mfano amlodipine, ambayo haihitaji kufuatiliwa kwa vipimo hivi.

Amlodipine inastahili kutajwa kwa sababu nyingine pia. Kwa watu wenye asili ya Afrika, kidonge cha "pril" kikitumika peke yake mara nyingi hushusha presha kidogo kuliko kwa wengine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanyika Kenya, Uganda, Nigeria, Kameruni, Msumbiji na Afrika Kusini, ulilinganisha jozi tatu za dawa, na ukaonyesha kwamba amlodipine pamoja na perindopril, au amlodipine pamoja na hydrochlorothiazide (dawa ya kutoa maji mwilini), zilishusha presha vizuri zaidi kuliko perindopril pamoja na hydrochlorothiazide. Kwa hiyo daktari akikupa vidonge viwili tangu mwanzo, hajakosea wala hajakuona mgonjwa mahututi. Na ikiwa unatumia kimoja tu na presha haishuki, usijiongezee dozi. Rudi kliniki uongezewe dawa inayofaa kwenda nayo.

Kumeza

Enalapril na lisinopril humezwa pamoja na chakula au bila chakula. Captopril humezwa saa moja kabla ya kula, na kwa kuwa haikai mwilini muda mrefu, hutumika mara mbili au tatu kwa siku. Watu wazima wengi huanza na lisinopril miligramu 10 au enalapril miligramu 5 kwa siku. Wazee, wenye matatizo ya figo na wale wanaotumia dawa za kutoa maji mwilini huanzishiwa chini ya hapo. Chagua saa moja ambayo hutaisahau na ushikamane nayo.

Dozi ya kwanza ni vyema imezwe wakati wa kulala, kwa sababu presha inaweza kushuka ghafla ukahisi kizunguzungu, hasa kama unatumia pia dawa ya kutoa maji. Katika siku za mwanzo, ukiamka kitandani kaa kwanza ukingoni kabla ya kusimama. Ukisahau dozi, meza unapokumbuka. Ikiwa muda wa dozi inayofuata umekaribia, iache ile iliyopita, na usimeze mbili kwa pamoja.

Anayefunga Ramadhani, ikiwa dawa yake ni ya mara moja kwa siku, kwa kawaida anaweza kuimeza baada ya kufuturu, mradi anywe maji ya kutosha hadi daku. Anayetumia captopril mara tatu amwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, ili abadilishiwe dawa ya mara moja kwa siku kama hali yake inaruhusu. Mwenye ugonjwa wa figo au wa moyo aulize kwanza kama kufunga kunamfaa.

Na usiache dawa kwa sababu unajisikia vizuri. Presha ya juu kwa kawaida haina dalili yoyote hadi siku inapoleta kiharusi au kuudhoofisha moyo, kwa hiyo hisia zako si kipimo. Kipimo ni mashine. Kaa dakika tano bila kuongea, mgongo ukiwa umeegemea, miguu ikikanyaga sakafu, mkono ukiwa juu ya meza usawa wa moyo, na usiwe umekunywa kahawa au kuvuta sigara katika nusu saa iliyopita. Kwa wagonjwa wengi lengo ni kuwa chini ya 140/90, na kwa baadhi, kama wale wenye ugonjwa wa moyo, daktari huweka lengo la chini zaidi. Andika namba na tarehe, uende nazo kliniki.

Kikohozi kisichopona

Kikohozi cha dawa hii ni kikavu, kinawasha koo, kinasumbua zaidi usiku, na kinaweza kuanza siku chache au miezi kadhaa baada ya kuanza dawa. Si cha hatari, lakini kinachosha, na kinazaa matatizo mawili ambayo yanaweza kuepukwa kabisa. La kwanza ni kwamba mgonjwa hununua dawa ya kikohozi, kisha antibiotiki, kisha antibiotiki nyingine, kwa miezi, bila yeyote kuuliza anatumia dawa gani ya presha. Hakuna antibiotiki inayoweza kukitibu kikohozi hiki, kwa kuwa hakuna mdudu wa kuuawa. La pili ni kwamba mgonjwa aliyekwisha kuitambua sababu huamua kuiacha dawa mwenyewe, na presha hupanda bila mtu kujua.

Njia iliyo sawa ni kurudi kwa aliyekuandikia dawa na kumwambia: "Nina kikohozi kikavu, na natumia enalapril." Kwa kawaida utabadilishiwa dawa ya kundi jingine, mara nyingi losartan, ambayo haiongezi bradikinini. Kikohozi huisha ndani ya wiki moja hadi nne, ingawa kwa wachache huchukua miezi. Hata hivyo, kifua kikuu bado ni ugonjwa wa kawaida kwetu. Kikohozi kilichofikisha wiki mbili, na hasa kikiambatana na homa, kutokwa jasho usiku, kupungua uzito au makohozi yenye damu, kipimwe kifua kikuu hata kama unameza kidonge cha "pril". Mojawapo haiondoi uwezekano wa nyingine.

Ukibadilishiwa kwenda losartan, hakikisha umeelewa kwamba inachukua nafasi ya kidonge cha zamani. Dawa hizi mbili zikitumiwa pamoja zinaweza kupandisha potasiamu na kuzidhuru figo bila kuleta faida ya kutosha, na wapo wanaoendelea nazo zote kwa sababu boksi la zamani halijaisha. Lirudishe famasi au liondoe nyumbani.

Uvimbe: nenda hospitali sasa hivi

Midomo, ulimi, uso au koo vikivimba, au sauti ikibadilika ghafla na kumeza kukawa kugumu, usimeze kidonge kingine na uende hospitali mara moja, iwe usiku au mchana. Uvimbe huu huwapata watu wachache, lakini huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika, na unaweza kuziba njia ya hewa. Mara nyingi hauna vipele wala muwasho, na ndiyo maana hufananishwa na kuumwa na mdudu au jino. Jambo linalowapotosha wengi zaidi ni muda: unaweza kutokea siku ya kwanza, au baada ya miaka kadhaa ya kutumia dawa bila tatizo lolote. Kwa hiyo usiseme "dawa hii nimeizoea".

Usisubiri nyumbani kwa kumeza dawa za mzio. Uvimbe unaoletwa na bradikinini mara nyingi hauzisikii dawa hizo, na muda unaopotea ndio ambao wahudumu wangeutumia kuilinda njia yako ya hewa. Ukishapona, hutatumia tena dawa yoyote inayoishia na "pril" maisha yako yote, hata iwe ya kampuni nyingine. Jambo hilo liandikwe kwenye kadi yako kwa maandishi yanayosomeka. Wachache huvimba utumbo badala ya uso, wakapata maumivu makali ya tumbo yanayokuja na kuondoka, na hao pia wamtajie daktari dawa wanayotumia.

Dawa za maumivu na dawa nyingine za dukani

Hapa ndipo ninapohofia zaidi, kwa sababu hatari yenyewe inauzwa bila cheti karibu kila mtaa. Mtu ana maumivu ya mgongo au ya magoti, anaingia duka la dawa, anapewa diclofenac, ibuprofen, au kidonge kilichochanganya diclofenac na paracetamol ambacho yeye anakiona ni paracetamol tu. Dawa za kundi hili hubana mshipa unaoingiza damu kwenye vichujio vya figo, wakati kidonge cha "pril" kimeulegeza ule unaoitoa. Msukumo ndani ya vichujio unaanguka. Ukiongeza na dawa ya kutoa maji, kama hydrochlorothiazide au furosemide, figo zinaweza kushindwa ndani ya siku chache. Na hata zisiposhindwa, dawa za maumivu za kundi hili hupandisha presha unayojitahidi kuishusha.

Mwambie muuzaji kabla hujataja maumivu yako: "Natumia enalapril ya presha, nipe paracetamol peke yake, isiwe na diclofenac wala ibuprofen." Soma pakiti kabla ya kulipa. Aspirini ya dozi ndogo ambayo daktari amekuandikia kwa ajili ya moyo ni jambo tofauti, wala usiiache bila kumuuliza.

Ya pili ni co-trimoxazole, ambayo wengi huiita Septrin. Huzuia figo zisitoe potasiamu, na ikikutana na kidonge cha "pril", potasiamu inaweza kupanda hadi kuvuruga mapigo ya moyo, hasa kwa wazee na wenye figo dhaifu. Anayeandikiwa kwa ajili ya maambukizi ya kawaida aulize kama kuna antibiotiki nyingine inayomfaa. Anayeitumia kila siku kwa kinga kwenye kliniki ya VVU asiiache, bali awaambie wahudumu wa kliniki hiyo kwamba ana dawa ya presha, ili potasiamu yake ipimwe. Spironolactone, dawa ya kutoa maji inayobakiza potasiamu mwilini, na vidonge vya potasiamu vitumike kwa agizo la daktari anayejua unatumia nini. Mwenye kutumia lithium kwa ugonjwa wa akili amjulishe daktari wake, kwa sababu kiwango chake kwenye damu hupanda.

Kuhusu chakula sitaki kumtisha mtu bure. Mwenye figo nzima anaweza kuendelea kula ndizi, maharage na parachichi kwa kiasi cha kawaida. Cha kuepuka ni ile chumvi inayouzwa kama chumvi ya wenye presha, kwa kuwa mara nyingi sehemu kubwa yake ni potasiamu; punguza chumvi ya kawaida badala ya kuibadilisha. Madafu pia yana potasiamu nyingi, na mwenye ugonjwa wa figo asiyanywe kama maji. Potasiamu ikipanda unaweza kuhisi misuli imelegea au moyo unaruka mapigo, lakini wengi hawahisi kitu, na ndiyo sababu nyingine ya kile kipimo cha damu.

Siku ya kuhara au kutapika

Ukiharisha au kutapika sana, au ukiwa na homa kali na huwezi kunywa, mwili unakauka na figo zinahitaji ile kinga ambayo dawa imeiondoa. Madaktari wengi huwaelekeza wagonjwa wao wasimamishe kidonge cha "pril" na dawa ya kutoa maji kwa muda huo, kisha wavirudie baada ya kula na kunywa kama kawaida kwa saa 24 hadi 48. Kwa mwenye moyo ulioshindwa kufanya kazi vizuri uamuzi huo unahitaji uangalifu zaidi. Kwa hiyo usisubiri uugue ndipo uulize: katika ziara yako ijayo mwombe daktari akuandikie kwenye kadi ufanye nini siku ya kuhara, na unywe maji ya ORS mapema. Mkojo ukipungua sana au ukikauka, nenda hospitali.

Mimba

Dawa hizi hazitumiki wakati wa ujauzito. Katika miezi ya kati na ya mwisho huzidhuru figo za mtoto aliye tumboni, maji yanayomzunguka hupungua, mifupa ya fuvu na mapafu havikui inavyotakiwa, na mtoto anaweza kufa. Mwanamke anayeweza kushika mimba aulizwe kuhusu jambo hili kabla ya kuandikiwa. Asipoulizwa, aseme mwenyewe. Anayepanga kuzaa abadilishiwe dawa kabla ya kuacha uzazi wa mpango. Anayeona hedhi imechelewa apime mimba siku hiyo hiyo, na akikuta ameshika mimba asimeze kidonge kinachofuata, bali aende kliniki mara moja ili aanzishiwe dawa inayofaa, kama methyldopa au nifedipine. Asikae bila dawa yoyote, kwa kuwa presha ya juu nayo ni hatari kwake na kwa mtoto. Aliyekwisha kuimeza kwa wiki chache kabla ya kujua asikate tamaa. Hatari kubwa iko kwenye miezi inayofuata, na kubadilisha dawa mapema kunasaidia. Anayenyonyesha aulize pia, akitaja umri wa mtoto na kama alizaliwa kabla ya wakati.

Upasuaji na kadi yako

Kabla ya upasuaji wowote mwambie mtaalamu wa usingizi kwamba unatumia dawa hii, kwa sababu presha inaweza kuanguka ukiwa umelazwa, na huenda akakuelekeza uiache dozi ya siku hiyo. Mwambie na daktari wa meno pia.

Nyuma ya kadi ya kliniki andika jina la dawa kama lilivyo kwenye boksi, dozi yake, tarehe na majibu ya kipimo cha mwisho cha kreatinini na potasiamu, na maelekezo uliyopewa kuhusu siku ya kuhara. Mwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani mahali kadi inapokaa, na umweleze kwamba akikukuta umevimba midomo au ulimi, aichukue na kukupeleka hospitali bila kusubiri kupambazuke.